Njia ya Makindu: Nyumba Mbili za Ibada na Ukimya wa Msafiri



Barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi ina kilomita 480 na ushei, na wengi wetu wa Pwani tumeipita mara zisizo na hesabu pasina kuitazama. Tunaijua kwa mizani ya Mariakani na misururu ya matrela yake, kwa ukame wa Taru, kwa joto la Voi, na kwa Mtito Andei ambako mabasi husimama, abiria wakanyoosha miguu na kununua chai kwa bei ya ugenini. Leo nataka tuisome kwa namna nyingine. Kandokando yake ziko nyumba mbili za ibada, moja yetu na moja si yetu, zote mbili zimezaliwa na reli moja. Kwa miaka mingi watu wa dini mbalimbali wamekuwa wakiingia humo, wakiketi kimya, wakiomba kwa namna wanavyojua, kisha wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyewapelekea barua ya mwaliko wala kuwapangia ajenda.

Vikao vya viongozi wa dini si jambo geni kwetu. Mombasa ndiyo makao ya baraza la viongozi wa dini wa Pwani, lile lijulikanalo kwa herufi CICC, na mitaani kwetu hufanyika mikutano midogo ambayo haina hata jina. Katika mmoja wa mikutano hiyo, kina mama wawili walimu wa madrasa waliuliza maswali mawili. La kwanza: mkutano ukifunguliwa kwa kunyamaza dakika chache, kila mmoja aombe kwa moyo wake, je, Muislamu aketi au atoke? La pili: adhuhuri ikiingia, sisi wanawake tutasali wapi? Wanaume tuliokuwapo tulilijadili swali la kwanza kwa muda wa saa nzima, kwa dalili na kauli za maulamaa. Swali la pili lilijibiwa kwa neno moja: "Mtatafutiwa."

Ndipo likatoka shauri la kusafiri, badala ya kuongeza kikao juu ya kikao. Katika mwezi wa Mfungo Nne tulikodi basi dogo tukawa watu 22: maustadhi na wake zao, walimu wanawake wa madrasa na mahramu wao, wachungaji watatu, na mama mmoja wa Kihindu wa mjini ambaye alikuja na kapu la vitafunio lililotulisha hadi Voi. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri.

Mackinnon Road iko takriban kilomita 90 kutoka Mombasa, masafa ambayo kwa madhehebu yetu ya Shafii yanamruhusu msafiri kupunguza sala. Mji wenyewe ni mdogo, na jina lake ni la Mskoti William Mackinnon, mwenye ile kampuni ya Kiingereza iliyokata njia ya mikokoteni kuelekea bara kabla ya reli kuja. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliweka hapo kambi ya kuwazuilia watu walioshukiwa kuwa wa Mau Mau. Mahali ambapo pameshuhudia dhiki kama hiyo, mtu hategemei kupata utulivu. Lakini kando ya barabara, jirani na reli ya zamani, unasimama msikiti, na ndani yake mna kaburi la Sayyid Baghali Shah.

Huyu alikuwa Mpunjabi, msimamizi wa vibarua waliojenga reli ya Uganda. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, Waislamu, Wahindu na Makalasinga, na wapatao 2,500 hawakurudi kwao. Waliuawa na maradhi, na ajali, na wengine na simba wa Tsavo waliosimamisha kazi mwaka 1898. Katika watu hao, Sayyid Baghali Shah ndiye aliyebaki katika vinywa vya wasafiri. Husimuliwa kwamba karai la kokoto alilobebeshwa halikugusa kichwa chake bali lilielea juu yake, na kwamba simba hawakumdhuru. (Neno karai lenyewe limetoka kwao, kama lilivyotoka neno chapati, reli ilitubebea na maneno.)

Nitasema wazi ninavyoamini, kwa sababu najua gazeti hili husomwa na watu wa mielekeo mingi. Karama za mawalii ni haki, na hiyo ndiyo itikadi ya Ahlus Sunna. Hata hivyo habari huhitaji wapokezi, na habari ya karai sikuipatia wapokezi. Siikanushi wala siithibitishi. Na anayezuru kaburi lolote, liwe la Mackinnon Road au la Lamu, akumbuke kwamba maiti tunamuombea, hatumuombi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni herufi chache, na ndani ya herufi hizo mna tauhidi nzima.

Lililotupeleka pale, hata hivyo, lilikuwa watu wenyewe. Tulikaa kwa muda wa saa moja tukawatazama. Dereva wa lori aliyevaa rozari shingoni alisimamisha gari, akavua viatu, akasimama mlangoni kimya, akatia sarafu katika sanduku na kuondoka. Familia ya Kihindi iliyokuwa ikielekea Nairobi iliingia na kutoka bila ya kusema neno. Wazee husimulia kwamba hata garimoshi lilipokuwa likipita hapo lilipunguza mwendo. Kila mmoja ana lake: huyu anaogopa ajali, yule ana mgonjwa nyumbani. Mmoja wa wachungaji wetu, mtu wa Likoni, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sheikh wangu, mimi naruhusiwa kuketi hapa, au nirudi kwenye gari?"

Nilimwambia aketi. Kwa Imamu Shafii asiyekuwa Muislamu anaweza kuingia msikitini kwa idhini ya Waislamu, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Na katika Sira ya Ibn Is-haq imepokewa kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipokuja Madina, wakati wao wa sala uliingia wakiwa katika msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Watu walitaka kuwazuia, naye akasema waachwe, nao wakaelekea mashariki wakasali. Mchungaji hakusali kwa sauti wala hakuelekea popote. Aliketi barazani, mikono magotini, akainamisha kichwa. Nilimwacha.

Baada ya hapo ni nyika. Voi tulipita, Manyani tukapita, na reli mpya ya mwaka 2017 ikatufuata juu ya nguzo zake kama jirani asiyetaka kushuka kusalimu. Mtito Andei tulikunywa chai. Kutoka hapo nchi huanza kupanda, mibuyu huzidi, na kwa upande wa kushoto huonekana vilima vya Chyulu. Hii ni nchi ya Wakamba. Makindu iko takriban kilomita 320 kutoka Mombasa, na tulifika adhuhuri imeshaingia.

Hekalu la Makalasinga la Makindu, ambalo wao huliita gurudwara, lilijengwa mwaka 1926. Makindu ilikuwa kituo cha kazi cha reli, na kwa mapokeo ya wenyewe, kabla ya kuwa na jengo mafundi na vibarua walikuwa wakikusanyika jioni chini ya mti kumtaja Mungu, kila mtu kwa lugha ya dini yake. Reli ilipohamishia shughuli zake kwingine mji ulibaki mtupu, lakini nyumba ile haikufungwa. Hadi leo msafiri yeyote, wa dini yoyote au asiye na dini, hula hapo bure, na akitaka kulala hupewa chumba. Mwenye nacho hutia chochote katika sanduku la mchango. Asiye nacho haulizwi.

Mzee mwenye ndevu nyeupe alitupokea langoni. "Karibu, karibu. Kula kwanza, maneno baadaye." Masharti yake yalikuwa matatu: viatu vivuliwe, vichwa vifunikwe, na asiingie mtu na tumbaku wala pombe. Kina mama zetu walikuwa wameshajisitiri, na sisi wenye kofia hatukuwa na la kuongeza. Aliyeazimwa kitambaa ni mchungaji, akafungwa kilemba cha rangi ya machungwa, na wake zetu wakashindwa kuzuia kicheko.

Tuliketi katika ukumbi wa kulia, tajiri na utingo wa lori safu moja. Chakula kilikuwa dengu, wali, chapati, mboga na maziwa ya mgando, na baadaye chai. Jikoni mwa hekalu hakupikwi nyama, kwa hiyo suala la kichinjo halikuwepo. Utaratibu huu wa kulisha watu huitwa langar, nao wanaunasibisha na mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Neno lenyewe ni la Kiajemi, na hutumika pia katika zawiya za Kisufi za Bara Hindi kama ile ya Ajmer, ambako masufuria makubwa hupikiwa maskini. Hapa niseme jambo la kifikihi, maana niliulizwa na dada mmoja palepale. Katika ukumbi wao wa ibada hugawiwa kitu kitamu mfano wa halua, cha unga wa ngano, samli na sukari. Hicho kina maana ya kiibada kwao, nasi tulikiacha kwa adabu. Chakula cha jikoni ni ukarimu kwa mgeni, nasi tulikila kwa bismillahi na kwa furaha. Hali kadhalika, hatukuingia katika ukumbi wenyewe, kwa sababu desturi ya kuingia ni kuinama mbele ya kitabu chao, na kuinama kwa ibada sisi tumekuweka kwa Mola peke yake. Tulimweleza mzee. Akajibu, "Hakuna shida. Kila mtu na njia yake," akaenda kutuletea chai nyingine.

Kisha nikamuomba mahali pa kusali. Akatupeleka bustanini, nyuma ya vyumba vya wageni, mbali na ukumbi wao. Akauliza Makka iko upande gani. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini takriban sawasawa. Makindu ikiwa magharibi kidogo, kibla hupinda kidogo kuelekea mashariki. Nilimwonyesha, naye akaondoa mwenyewe viti viwili vilivyokuwa mbele yetu na kumwita kijana wa bustani afunge mpira wa maji ili majani yasilowe. Tulitandika misala na leso, wanaume mbele, watoto, na kina mama nyuma yao, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Kina mama walionyeshwa bomba la kutawadhia lililokuwa faraghani, pamoja na chumba cha kubadilishia mtoto nguo. Hawakuwa wameomba chumba hicho. Walipewa.

Jioni, kabla ya jua kutua, tukafanya lile lililokuwa limetuletea mjadala Mombasa. Tuliketi bustanini wote 22 kwa muda wa robo saa bila ya kusema. Hakuna aliyeongoza. Sala haikuchanganywa na sala, wala hakuna aliyetakiwa kuitikia amina ya mwenziwe. Mama wa Kihindu alikuwa akizungusha shanga zake. Mimi nilikuwa nikizungusha zangu.

Jibu langu kwa walimu wale wawili ndilo hili, na ninaliandika ili lisipotee. Kunyamaza peke yake si ibada katika Uislamu. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abu Israil, aliyeweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asisogee kivulini, asiseme, na afunge. Mtume akaamuru aseme, akae, aingie kivulini, na atimize saumu yake. Kunyamaza ni chombo; thawabu iko katika kinachotiwa ndani yake. Mtume kabla ya wahyi alikuwa akijitenga katika pango la Hira siku kadhaa. Qurani katika Surat Al-A'raf, aya ya 205, inatuelekeza kumkumbuka Mola nafsini mwetu kwa unyenyekevu na khofu, pasipo kupaza sauti. Na Imamu Ghazali ameweka katika Ihya kitabu kizima juu ya kujitenga na kingine juu ya kutafakari. Basi Muislamu aketi. Ndani ya ukimya wake amtaje Mola wake, amswalie Mtume, awaombee wazazi wake. Hakuna awezaye kumchagulia cha kutia moyoni. Ama kusimama dakika moja kwa ajili ya waliokufa, wako maulamaa wanaokataa kwa kuwa ni desturi ya wageni, na kauli yao ina uzito. Mimi naitazama kama ada ya heshima, si ibada, na nakumbuka kwamba Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni Myahudi akauliza iwapo hiyo si nafsi.

Tukiwa tumeketi vile nilimtazama mchungaji wa Likoni, na bila shaka naye alikuwa akinifikiria mimi. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia kwa silaha katika Masjid Musa, Majengo, na damu ikamwagika. Tarehe 23 Machi mwaka huohuo watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja huko Likoni, watu wakiwa katika ibada ya Jumapili, wakafyatua risasi na kuua. Baina ya mambo hayo mawili ni wiki saba tu, na baina ya mahali hapo pawili ni kivuko cha feri. Katika siku zile wazazi waliwazuia watoto kwenda madrasa, na wengine wakawazuia wao kwenda kanisani. Katika Surat Al-Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu anataja mahekalu ya watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja, kwamba zingebomolewa lau si Yeye kuwakinga watu kwa watu. Nimeisoma aya hiyo mbele ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Makindu nilipoketi karibu na mtu ambaye jirani zake waliuawa wakisali, nilihisi kwamba na yeye ana haki ya kuisikia, na baada ya magharibi nikamsomea na kumfasiria. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia majina ya waliokufa aliokuwa akiwajua. Nami nikamwambia ya wangu.

Siku hizi ulimwenguni pametokea desturi ya kujenga vyumba vya ukimya kwa ajili ya watu wa dini zote, katika viwanja vya ndege, hospitali na vyuo. Maarufu kuliko vyote kiko katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kilichotengenezwa upya mwaka 1957 kwa usimamizi wa Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld. Humo hamna alama ya dini yoyote. Katikati pamewekwa pande kubwa la madini ya chuma kutoka Sweden, na mwanga huliangukia kutoka juu. Nia yake ni njema, kwamba aingiaye asikute kitu cha kumkwaza. Na msafiri aliyepatwa na wakati wa sala baina ya ndege mbili atakishukuru chumba cha namna hiyo, nami sitamzuia. Lakini kwa moyo wangu napenda zaidi nyumba yenye mwenyewe. Chumba kisicho cha mtu hakina wa kukuambia karibu, wala wa kukuuliza Makka iko wapi, wala wa kufunga mpira wa maji. Mzee wa Makindu hakuondoa kitabu chake ili mimi nistarehe, nami sikuificha kibla yangu ili yeye astarehe. Khalifa Umar alipofika Jerusalem, imesimuliwa kwamba alikataa kusali ndani ya kanisa kuu, kwa kuchelea Waislamu watakaokuja baadaye wasije wakalichukua kwa hoja kwamba Umar alisali humo. Alisali nje. Kuiacha nyumba ya mwenzio ibaki yake ni namna mojawapo ya kumheshimu.

Tulilala. Kabla ya alfajiri tulisikia wenyeji wakianza kisomo chao, kwani na wao huamka kabla ya mapambazuko, na sisi tukaadhini kwa sauti ya kiasi, bila ya kipaza sauti. Kulipopambazuka, kwa upande wa kusini magharibi, Kilimanjaro ilionekana kwa muda mfupi, theluji yake ikiwa nyekundu, kisha mawingu yakaifunika.

Katika kurudi ndiko likatokea jambo ambalo ningependa wasomaji wetu wanaume walisome mara mbili. Adhuhuri ilitukuta njiani, tukasimama katika msikiti mmoja ambao sitautaja. Wanaume tuliingia, tukatawadha, tukasali. Sehemu ya wanawake ilikuwepo, imejengwa vizuri, na imefungwa kwa kufuli. Tuliulizia ufunguo. Tukaambiwa uko kwa mtu fulani, na mtu fulani amekwenda sokoni. Kina mama zetu, ambao jana yake walifunguliwa bustani, bomba na chumba cha mtoto na watu wa dini nyingine, walisali nyuma ya basi, baina ya matairi na ukuta wa choo, matrela yakipita. Mwalimu mmoja, yuleyule aliyeuliza swali la pili, alimaliza sala yake, akakung'uta leso, akaniambia, "Sheikh, nimetafutiwa." Sikuwa na jawabu, na hadi leo sina.

Najua litakalosemwa: nyumba ya mwanamke ni bora kwa sala yake. Hadithi hiyo ipo, na hatuikatai. Lakini msafiri nyumba yake iko wapi? Na hadithi ya kukataza kuwazuia waja wa kike wa Mwenyezi Mungu misikiti Yake nayo ipo, katika Bukhari na Muslim, na kufuli ni kizuizi hata kama aliyelifunga hakukusudia. Liko na jambo la pili ambalo watu wetu hawalitaji. Katika madhehebu ya Shafii, kwa kauli yake ya mwisho ambayo ndiyo inayofuatwa, itikafu ya mwanamke haisihi nyumbani. Masharti yake ni msikitini, sawa na mwanamume. Na itikafu kwetu haina kima cha chini cha siku: aingiaye akatia nia, akatulia kwa kitambo kinachozidi utulivu wa rukuu, amepata itikafu. Maana yake ni kwamba ile robo saa ya ukimya ambayo dada zetu waliipata katika bustani ya Makindu wangeweza kuipata msikitini kwetu ikiwa ibada kamili yenye jina na thawabu, laiti mlango ungekuwa wazi. Mwanamke aliyetoka kazini amechoka, mama aliyetoka hospitali kumtazama mgonjwa, mjane asiye na pa kulilia pasipo watoto kumwona: hawa wanahitaji msikiti kwa nusu saa, si kwa mhadhara, kwa kuketi tu. Kamati za misikiti yetu hutumia fedha nyingi kwa marumaru na mazulia. Kufungua mlango hakuhitaji harambee.

Tangu turudi, walimu wale wamekwenda kwa kamati tatu za misikiti ya mitaani kwetu. Mmoja umekubali sehemu ya wanawake iwe wazi kuanzia adhuhuri hadi magharibi, na mama mmoja wa jirani amejitolea kushika ufunguo. Wa pili wanasema watakaa kikao. Wa tatu wameuliza ni nani atakayelipia umeme, na kina mama wameanza kuchangishana.

Kwa familia itakayopenda kuzuru: hadi Mackinnon Road ni safari ya asubuhi kwa gari, ikiwa mizani ya Mariakani haikuwazuia. Makindu ni vyema kulala usiku mmoja, na kuwapigia wenyeji simu kabla kama mko wengi. Kina mama wachukue msala na leso ya ziada, kwani majani ya bustani huwa na umande alfajiri, na sweta kwa watoto, maana Makindu iko juu na usiku wake si kama wa kwetu. Tieni chochote katika sanduku. Na wazee wetu wenye tambuu nawanasihi waiache nyumbani, kwa sababu ile tumbaku ya ndani yake nayo imo katika marufuku ya yule mzee langoni, na ataiona.